Kiwiko kimerudishwa, mbona bado kinacheza? Fahamu vipimo na tiba yake

Bodaboda inateleza kwenye mchanga. Dereva anaanguka na, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, anatanguliza kiganja kujizuia. Sekunde moja baadaye kiwiko kimetoka, mkono umepinda na maumivu hayasemeki.

Anafikishwa hospitali. Kiwiko kinavutwa na kurudishwa, anafungwa P.O.P, anaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Kwa wengi habari inaishia hapo na mkono unapona.

Kwa wachache haiishii hapo. Miezi inapita, P.O.P ilishatolewa zamani, lakini kila akijiinua kwenye kiti kwa kusukuma na mikono, kiwiko kinalia "ko!" na anahisi kama kinataka kuchomoka. Akibeba ndoo ya maji anaubadilisha mkono haraka. Hauamini tena.

Hali hiyo ni kulegea kwa kiwiko, au kama wanavyosema mtaani, kiwiko "kinacheza". Inatibika. Shida ni kwamba mara nyingi inachelewa kugundulika, kwa sababu mgonjwa na ndugu zake wanaamini kiwiko kikisharudishwa kazi imekwisha.

Ukweli ni kwamba kurudisha kiwiko ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kinakaa mahali pake na bado kinakunjika na kunyooka. Mgonjwa anayelijua hilo anaweza kuuliza maswali sahihi mapema.

Kiwiko kinashikiliwa na nini?

Kiwiko, ambacho wengine wanakiita kisugudi, ni mahali mifupa mitatu inapokutana: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya mkono wa chini.

Ule wa chini ulio upande wa kidole kidogo una umbo la ndoana linaloukumbatia mfupa wa juu. Ncha ya mbele ya ndoana hiyo ni kizuizi: ndiyo inayouzuia mfupa usiteleze kwenda nyuma. Ule wa upande wa kidole gumba una kichwa cha mviringo kinachozunguka kila mtu anapogeuza kiganja juu au chini.

Mifupa hiyo inafungwa pamoja na ligamenti, yaani nyuzi ngumu kama kamba zinazounganisha mfupa na mfupa. Kuna kundi la upande wa ndani na kundi la upande wa nje. La ndani linakizuia kiwiko kisifunguke kwa pembeni, hasa wakati wa kurusha kitu. La nje linaizuia mifupa ya chini isijizungushe na kutoka kwa nyuma. Juu ya hayo yote kuna misuli inayobana kiungo kila inapokaza.

Mifupa, ligamenti na misuli vinafanya kazi kama timu. Kimoja kikiumia, vingine vinaweza kufidia. Viwili au vitatu vikiumia kwa pamoja, kiwiko kinaanza kucheza.

Kinatoka vipi?

Kwa watu wazima, kati ya viungo vikubwa, bega ndilo linaloongoza kwa kuteguka. Kiwiko kinashika nafasi ya pili.

Njia ya kawaida ni kuangukia kiganja. Mkono umekwama ardhini, uzito wa mwili unashuka juu yake na mwili unajizungusha. Mara nyingi ligamenti ya nje inachanika kwanza. Nguvu ikizidi, unafuata mfuko unaozunguka kiungo, kisha ligamenti ya ndani.

Mwaka 1991 daktari Shawn O'Driscoll na wenzake walieleza kwa mara ya kwanza aina ya ulegevu ambao leo unajulikana kuwa ndio wa kawaida zaidi miongoni mwa ule unaojirudia: ligamenti ya nje haijapona, kwa hiyo mifupa ya chini inajizungusha na kuteleza kidogo kwenda nyuma, kisha inarudi yenyewe. Kiwiko hakitoki kabisa. Ndiyo maana mgonjwa anasikia "ko", lakini akipigwa eksirei ya kawaida picha inaweza kuonekana safi.

Dakika za kwanza: usivute, usichue

Mtu akianguka na kiwiko kikaonekana kimepinda, jambo la kwanza ni kutokivuta. Kuvunjika kwa mfupa juu kidogo ya kiwiko, hasa kwa watoto, kunafanana sana na kuteguka. Ukivuta mfupa uliovunjika unaweza kuumiza mshipa wa damu au wa fahamu unaopita hapo hapo.

Mkono ufungwe ulivyo kwa banzi au kitambaa, uning'inizwe shingoni, na majeruhi apelekwe hospitali. Pete, bangili na saa vivuliwe mapema kabla mkono haujavimba.

Angalia vidole. Vikiwa baridi, vimepauka au vimebadilika rangi, vimekufa ganzi, au hawezi kuvichezesha, hiyo ni dharura ya sasa hivi, si ya kesho asubuhi.

La pili ni kuchua. Katika jamii nyingi mtu akiteguka anapelekwa kwanza kwa mtaalamu wa kuchua kwa mafuta au kukanda kwa maji ya moto. Kwa kiwiko kilichoumia karibuni, madaktari wa mifupa wanaonya vikali. Kiwiko ni miongoni mwa viungo ambavyo vikichuliwa au kulazimishwa kukunjika baada ya kuumia, mfupa mpya unaweza kuota ndani ya misuli. Mfupa huo unaweza kuufunga mkono usikunjike wala kunyooka.

Nini kinapaswa kufanyika hospitali?

Kabla ya kugusa kiungo, mhudumu anapima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, pamoja na hisia na nguvu ya vidole. Anarudia vipimo hivyo baada ya kurudisha kiwiko.

Kisha inapigwa eksirei, walau picha mbili: ya mbele na ya ubavuni. Lengo si kuthibitisha tu kwamba kiwiko kimetoka. Ni kujua kama kuna mfupa uliovunjika pia.

Baada ya hapo mgonjwa anapewa dawa ya kutuliza maumivu au ya usingizi, na kiwiko kinarudishwa taratibu. Misuli ikiwa imelegea, kazi hii haihitaji kutumia nguvu nyingi.

Sasa inakuja hatua inayosahaulika. Mgonjwa akiwa bado chini ya dawa, daktari anakunja na kunyoosha kiwiko taratibu kuona kama kinakaa. Kikinyooka karibu chote bila kuchomoka, ni habari njema. Kikianza kuteleza kikiwa bado kimekunjika sana, hicho ni kiwiko cha kufuatilia kwa karibu na pengine cha upasuaji.

Mwisho inapigwa eksirei nyingine. Kwenye picha ya ubavuni, mifupa inapaswa kukaa pamoja bila pengo kubwa. Pengo la milimita 4 au zaidi kati ya ndoana na mfupa wa juu ni ishara kwamba huenda kiwiko hakijatulia. Pengo hilo wakati mwingine linaziba lenyewe misuli inapopata nguvu, lakini ni lazima lifuatiliwe kwa picha za wiki zinazofuata.

Si kuteguka kote ni sawa

Madaktari wanagawa mteguko wa kiwiko katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mteguko wa kawaida: ligamenti zimechanika lakini hakuna mfupa mkubwa uliovunjika. Wengi wa hawa wanapona bila kufanyiwa upasuaji.

Kundi la pili ni mteguko wenye kuvunjika kwa mfupa. Ulio maarufu unajulikana kwa madaktari kwa jina linalomaanisha "utatu wa kutisha": kiwiko kimetoka, kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba kimevunjika, na ile ncha ya ndoana imevunjika pia. Vizuizi vitatu vimeondoka kwa mpigo. Hapa daktari mara nyingi anaagiza CT-Scan ili aone vipande vizuri, na kwa kawaida upasuaji unahitajika: kurekebisha ncha, kuunga kichwa cha mfupa au kuweka cha bandia, kisha kushona ligamenti ya nje.

P.O.P wiki ngapi?

Swali hili lina majibu mengi mtaani. Wengine wanaamini ukikaa na P.O.P muda mrefu ndivyo kiwiko kinavyokaza. Kwa mteguko wa kawaida, tafiti zinasema vingine.

Mwaka 1987 daktari Per Olof Josefsson na wenzake nchini Sweden walichapisha utafiti wa wagonjwa 30 wenye mteguko wa kawaida. Baadhi walishonwa ligamenti, wengine walitibiwa bila upasuaji. Waliopasuliwa hawakuonekana kupata faida zaidi.

Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 100. Nusu walikaa na P.O.P kwa wiki 3, nusu walianza kuchezesha kiwiko mapema. Walioanza mapema walikuwa na hali nzuri zaidi katika wiki ya 6, na walirudi kazini baada ya takribani siku 10, wenzao wakichukua siku 18. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa sawa, na hakuna kundi lililopata tatizo la kiwiko kutoka tena.

Tafsiri yake ni rahisi. Kwa mteguko wa kawaida uliopimwa na kuonekana umetulia, adui anayetisha zaidi ni ugumu wa kiungo kuliko kulegea. Kufungwa zaidi ya wiki 3 ndiko kunakohusishwa zaidi na kiwiko kushindwa kunyooka.

Na kiwiko hakihitaji kunyooka chote ili maisha yaende. Kazi nyingi za kila siku, kula, kuvaa na kujifuta, zinawezekana kama kinakunjika kati ya nyuzi 30 na 130. Ukikosa kufika hapo, hata kupeleka tonge mdomoni kunakuwa tabu.

Mazoezi yanayolinda ligamenti

Kuanza mapema si kubeba vitu mapema. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumlaza mgonjwa chali, mkono wa juu ukielekea dari, kisha mgonjwa anakunja na kunyoosha kiwiko mwenyewe. Akiwa amelala hivyo, uzito wa mkono unasukuma mifupa ikae pamoja badala ya kuivuta iachane.

Mwelekeo wa kiganja nao una maana. Kama iliyoumia zaidi ni ligamenti ya nje, zoezi la kunyoosha mkono hufanyika kiganja kikiwa kimegeuzwa chini. Kama ni ya ndani, kiganja kinageuzwa juu. Mengine hufanyiwa kiwiko kikiwa kwenye banzi lenye bawaba, linaloruhusu kukunja lakini linazuia kunyoosha kupita kiasi.

Mgonjwa akunje mwenyewe. Ndugu asimvute.

Dalili za kiwiko kilicholegea

Wiki au miezi baada ya ajali, dalili hizi zinatakiwa kumrudisha mtu hospitali:

- Kiwiko kulia au kuruka mtu anapojiinua kwenye kiti kwa mikono.
- Kushindwa kupiga pushapu, au kuogopa kuusukuma mlango mzito.
- Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yasiyoisha.
- Hisia kwamba mkono "utaachia" unapobeba kitu kiganja kikiwa juu.
- Ganzi ya kidole kidogo na cha pete.

Hospitali, daktari anaweza kumwambia mgonjwa asimame kwenye kiti kwa kusukuma na mikono, viganja vikiwa vimegeuzwa juu au nje. Akisita au akaumia, jibu linaanza kuonekana. Kuna kipimo kingine cha kuegemea meza: mgonjwa anashuka kama anayepiga pushapu, kisha daktari anakizuia kichwa cha mfupa kwa kidole gumba. Hofu ikiisha kidole kinapobonyeza, ni dalili ya ligamenti ya nje. MRI inaweza kuonyesha ligamenti iliyochanika, lakini haichukui nafasi ya mikono ya daktari.

Si lazima mtu awe ameteguka. Wapo wawili wengine wanaoweza kupata tatizo hili.

Wa kwanza ni aliyevunjika juu ya kiwiko utotoni, labda alianguka kwenye mwembe, na mfupa ukaunga vibaya hadi mkono ukapinda kwa ndani. Mkono huo unaweza kufanya kazi bila shida kwa miaka 20 au 30, huku ligamenti ya nje ikivutwa kidogo kidogo, hadi siku moja kiwiko kinaanza kucheza.

Wa pili ni aliyechomwa sindano za steroidi mara nyingi kwa ajili ya maumivu ya nje ya kiwiko. Sindano za kurudia rudia zinaweza kudhoofisha ligamenti hiyo hiyo.

Upasuaji ukihitajika

Jeraha likiwa bichi, ligamenti inaweza kushonwa na kurudishwa kwenye mfupa. Likiwa la zamani, mara nyingi haishoneki tena. Daktari anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kutengeneza ligamenti mpya kwa kuipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa kwenye mifupa.

Upasuaji wa namna hii kwa ligamenti ya ndani una historia maarufu. Tommy John, mrusha mpira wa besiboli wa timu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani, aliumia kiwiko mwaka 1974. Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alimtengenezea ligamenti mpya kwa kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine. Alikaa nje msimu wote wa 1975, akarudi 1976, na akaendelea kucheza hadi 1989 akiwa na miaka 46. Mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake.

Afrika Mashariki besiboli haina mashabiki wengi, lakini kurusha kupo. Mkenya Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa kurusha mkuki mita 92.72, nguvu yote hiyo ilipita kwenye kiwiko. Warusha mkuki ni miongoni mwa wanamichezo ambao ligamenti yao ya ndani inavutwa sana. Kwao ulegevu unaweza kuja polepole, bila kuanguka hata mara moja.

Kano aliyotumia Jobe, msomaji anaweza kuitafuta kwake sasa hivi. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Uzi unaochomoza katikati ya kifundo ndio huo. Usipouona, usishtuke. Baadhi ya watu wanazaliwa bila kano hiyo na mikono yao haina tatizo, na ndiyo maana madaktari wanaona ni salama kuiazima.

Kiwiko kilichokaa nje wiki nyingi

Hali ngumu kuliko zote ni ya mtu ambaye kiwiko hakikurudishwa kabisa. Alipelekwa kuchuliwa, uvimbe ukapungua, ikadhaniwa amepona. Baada ya takribani wiki 3, misuli imejikunja, makovu yamejaa ndani ya kiungo, na kukirudisha kwa kuvuta tu kunakuwa kugumu na kwa hatari. Hapo kwa kawaida inabidi kufungua kiungo, kusafisha na kukipanga upya, kisha mazoezi ya miezi.

Ndiyo maana siku za mwanzo zina thamani kubwa. Kazi ambayo wiki ya kwanza ingefanyika kwa dawa ya usingizi na mikono miwili, mwezi wa pili inahitaji chumba cha upasuaji. Hospitali kubwa zenye madaktari bingwa wa mifupa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, zinapokea rufaa za aina hii. Lakini kwa fundi ujenzi au mama lishe, mwezi bila mkono ni mwezi bila kipato.

Kwa watoto

Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyevutwa mkono ghafla, akaacha kuutumia na kuuning'iniza tu, mara nyingi si mteguko mkubwa. Kichwa cha mfupa mmoja kimechomoka kidogo kwenye ligamenti yake. Mhudumu aliyefunzwa anaweza kukirudisha kwa muda mfupi, na mtoto akaanza kucheza tena. Kama mtoto alianguka, au kiwiko kimevimba, hiyo ni habari tofauti. Apigwe eksirei kwanza.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kuondoka hospitali baada ya kiwiko kurudishwa, mgonjwa au ndugu anaweza kuuliza haya:

1. Kuna mfupa uliovunjika?
2. Baada ya kukirudisha, kilipimwa kama kinakaa? Kinaanza kuteleza kikifika wapi?
3. Picha ya pili inaonyesha nini?
4. Nitafungwa siku ngapi, na mazoezi naanza lini?
5. Narudi lini kwa picha nyingine?

Si maswali ya kumkosoa daktari. Yanachukua dakika 5, na majibu yake yanaweza kuamua kama mkono utarudi kazini baada ya wiki chache au utabaki unalia "ko" kila mwenyewe akisimama kwenye kiti.